Kidato cha kwanza wananikodolea macho tu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimeajiriwa majuzi kufundisha Baiolojia katika sekondari ya kata. Nikiuliza swali kwa Kiingereza, kidato cha kwanza kimya, wananikodolea macho. Ofisini wananiambia nishike fimbo. Nifanyeje?
Mwalimu mgeni, Singida

JIBU: Marahaba mwanangu. Fimbo hiyo iache. Kwanza kanuni ya viboko shuleni haikupi wewe ruhusa ya kuchapa. Ruhusa hiyo ni ya mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi. Pili, haifundishi Kiingereza.

Watoto hao wamesoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba, leo wanakutana na Baiolojia kwa lugha nyingine kabisa. Kimya chao si jeuri. Ukifundisha jani, ingia na jani la mpapai mkononi. Kwenye kona ya ubao andika maneno matano mapya, yakae hapo mpaka kengele ilie. Waache wajadiliane wawili wawili kwa Kiswahili, dakika mbili tu, kisha mmoja ajibu kwa sentensi fupi ya Kiingereza. Akikosea, irudie sentensi yake ikiwa sahihi, uendelee. Atakayemcheka mwenzake, huyo ndiye wa kumkalia kooni.

Madaftari usiyakusanye yote, utakesha bure. Chukua ya safu moja kwa siku. Andalio la somo liandike jioni. Wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, hawapigi hodi.

Na mchango wa chai ofisini uulizie mapema, maana mshahara wa kwanza hukawia na wenzako hawasahau.