Fildi kwenye bima: aende, ila akae meza ya madai

Dada uliyeuliza kama mwanao wa chuo aende fildi, yaani mafunzo ya vitendo, kwenye kampuni ya bima hapa Mtwara: aende, ila asikubali kumaliza wiki zote akitoa kopi na kuagiza chai. Vijana wengi wanaikimbia bima wakidhani ni kukatia bodaboda bima tu.

Aombe meza ya madai, wanapopokelewa wateja waliopata hasara na wanaotaka kulipwa. Mfano, lori la korosho limepinduka njia ya Newala, mwenyewe ana bima ndogo, na mwanafunzi anakaa akisikiliza anavyoeleweshwa kwamba bima hiyo inamlipa aliyegongwa, si lori lake. Mimi nilinasia hapohapo.

Wenye ofisi nao, Kimbunga Hidaya kilipopita Mei 2024, mlikwenda na mwanafunzi yeyote kukagua hasara? Na nauli muwape, jamani.