Jibu: Chujio la nyumba nzima kwa maji ya kisima, Arusha

Ndugu yangu, umeuliza ufunge chujio gani la nyumba nzima kwa kisima chako cha Usa River. Tafadhali usinunue kitu kabla hujapeleka maji maabara yakapimwe floraidi, madini ambayo yakizidi huharibu meno. Maji mengi ya kandokando ya Mlima Meru yana madini hayo kupita kikomo cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita. Chujio la mchanga haliyaondoi, na kuchemsha kunazidi kuyakoleza. Mkaa wa mifupa ndio unaoyanasa, ila huchoka, lazima ubadilishwe. Ya kuoga na kufulia chuja tope tu. Ya kunywa na kupikia yapitie mkaa huo. Kama una watoto wadogo, usichelewe: meno huharibika yangali ndani ya fizi.