Usiku Mmoja Bila Mtoto: Piga Kwanza Hesabu ya Maziwa

SWALI: Mhariri, mtoto wetu ana miezi minne na ananyonya tu, hajaonja kitu kingine. Mimi na mume wangu tunataka kulala nje Jumamosi moja: tuondoke saa kumi na moja jioni, turudi Jumapili saa tatu asubuhi. Mama yangu atakuja kutoka Mpwapwa kukaa naye. Nina friji ya mlango mmoja. Nianzie wapi?
Mama wa Ilazo, Dodoma

JIBU: Anzia kwenye maziwa, mama, mkoba wa safari utasubiri. Mtoto wa umri huo anayenyonya tu hutumia takriban mililita 750 hadi 800 kwa saa 24. Ninyi mtakuwa nje saa 16, kwa hiyo atahitaji kama 500 hadi 550. Ongeza 150 za akiba, maana bibi akimwaga kikombe saa nane usiku hana duka la kukimbilia. Lengo lako liwe 700.

Hizo hazipatikani siku moja. Kamua mara moja kila siku, kama saa moja baada ya mtoto kunyonya asubuhi, wakati ambapo wengi huwa na maziwa mengi. Ukipata 50 kwa siku, ni siku 14. Anayesubiri hadi Alhamisi hukamua mpaka matiti yanauma na bado hafiki hata nusu.

Gandisha kwa mafungu madogo: mengi ya mililita 60 hadi 90, na mawili matatu ya 30 ya kuongezea. Maziwa yanayobaki baada ya mtoto kunywa hayarudi kwenye friji. Yasipotumika ndani ya saa mbili yanamwagwa. Ukiweka fungu moja la 200, kuna uwezekano wa kumwaga nusu yake. Andika tarehe kwenye kila chombo na uache nafasi juu, kwa sababu maziwa yakiganda hutanuka. Maziwa mabichi hukaa kwenye joto la chumba hadi saa nne ikiwa joto halizidi nyuzi 25. Mchana wa Oktaba na Novemba hapa Dodoma nyumba nyingi hupita hapo, kwa hiyo ukimaliza kukamua tia kwenye friji papo hapo. Ndani ya friji, chini ya kisehemu cha barafu, hukaa siku nne. Kile kisehemu cha barafu cha friji ya mlango mmoja si friza kamili: weka maziwa nyuma kabisa, na usiyahesabie zaidi ya wiki mbili. Umeme ukikatika, usifungue mlango. Fungu lililoyeyuka lote halirudishwi kuganda. Hukaa ndani ya friji, nje ya kisehemu cha barafu, na kutumika ndani ya saa 24.

Kuna jambo linaloshtua wengi: maziwa yaliyoganda yanaweza kunuka kama sabuni. Hayajaharibika. Kuna kimeng'enya ndani yake kinachovunja mafuta, na kwa baadhi ya akina mama kina nguvu zaidi. Lakini mtoto anaweza kuyakataa, na usiku wa Jumamosi si wakati wa kugundua hilo. Gandisha fungu moja sasa, liyeyushe baada ya siku tano, mpe. Akikataa, yale utakayokamua baadaye yapashe jikoni mpaka vijipovu vidogo vionekane pembeni ya sufuria, epua kabla hayajachemka, poza haraka, kisha gandisha.

Mazoezi ya kunywa yafanyike angalau mara tatu, na anayempa awe bibi, wewe ukiwa umetoka nje ya nyumba kabisa. Mtoto akisikia harufu yako atadai ziwa. Kikombe kidogo kinatosha, tena ni rahisi kukisafisha kuliko chupa na chuchu zake. Mtoto aketishwe wima mapajani, ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini, maziwa yafike kwenye midomo tu, naye ayarambe mwenyewe. Kumimina mdomoni ndiko kunakompalia. Fungu liyeyushwe ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu, kuanzia lenye tarehe ya zamani. Lisichemshwe wala lisitiwe kwenye maikrowevu, ambayo huacha sehemu za moto zinazounguza ulimi.

Na wewe? Matiti hayajui kwamba uko mapumzikoni. Kamua kila baada ya saa tatu au nne, hata usiku mara moja, la sivyo utaamka na mawe kifuani. Sehemu ikiwa nyekundu na ngumu na ukapata homa, usiache kunyonyesha. Nenda kituo cha afya. Maziwa utakayokamua hotelini yatadumu saa 24 ndani ya kuliboksi yenye vifurushi vya barafu iliyoganda vizuri.

Kwa mara ya kwanza laleni Dodoma hapahapa. Treni ya SGR inavutia, lakini Dar es Salaam ni zaidi ya saa tatu, na bibi akipiga simu saa saba usiku mnataka kuwa umbali wa bajaji. Mwachieni kadi ya kliniki, kadi ya bima kama mnayo, nauli taslimu na namba ya dereva mnayemwamini. Mtoto alazwe chali, ndani ya chandarua, bila mto. Kama ni Juni au Julai baridi inapobana, mwongezeni nguo. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani hata kama limeshaacha kutoa moshi, kwa sababu hewa yake inayoua haionekani wala hainuki. Mtoto akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea asiamke, bibi aende hospitali kwanza, simu baadaye.

SWALI: Mama mkwe anasema mwanetu wa miezi mitano akiachwa naye kwenye joto hili lazima apewe maji na uji mwepesi. Nimkatalieje bila kumvunjia heshima?
Baba wa Nkuhungu

JIBU: Usibishane naye sebuleni. Nenda naye kliniki siku ya kupima uzito, muuguzi aseme mbele yake: maziwa ya mama pekee hadi miezi sita. Kwa jumla asilimia 88 hivi ya maziwa hayo ni maji, kwa hiyo mtoto mwenye kiu anaongezewa maziwa. Maji hujaza tumbo dogo bila kushibisha, na yakiwa machafu huleta kuhara. Kisha mpe mama kazi anayoweza kuiona: ahesabu nepi zilizolowa. Sita au zaidi kwa siku, mtoto ana maji ya kutosha. Kumpunguzia nguo kutamsaidia kuliko uji.

SWALI: Usiku huo naweza kunywa glasi ya mvinyo wa zabibu zetu?
Msomaji wa Area D

JIBU: Moja, ndiyo. Subiri takriban saa mbili kwa kila glasi ndogo ya mililita 150 kabla ya kunyonyesha au kukamua ya kuhifadhi. Kukamua na kumwaga hakuharakishi chochote, kwa sababu kilevi hutoka kwenye maziwa kadiri kinavyotoka kwenye damu. Soma lebo kwanza. Mvinyo wa asilimia 16 si sawa na wa 12. Na aliyekunywa, awe baba au mama, asilale kitanda kimoja na mtoto usiku huo.