Barua kwa mwanangu: usirudishie dawa

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeupata, na zile picha nimezitazama moja baada ya nyingine. Unauliza mambo mawili. Umeacha dawa ya kunyoosha nywele tangu Mei na nywele zinazidi kukatika, sasa upake nini zipone? Na je, huwezi kurudishia mara moja tu kwa ajili ya harusi ya dada yako Desemba, halafu ndiyo uache moja kwa moja?

Nianze na harusi. Usirudishie. Nywele huota kama sentimita 1 kwa mwezi, zetu pengine pungufu kidogo, kwa hiyo hapo kwenye mizizi una sentimita 4 au 5 ambazo hazijaguswa na kitu. Hizo ndizo mali yako yote. Dawa ikipita juu yake umerudi ulikoanza, tena kwa ajili ya picha za siku moja.

Nguvu ya dawa ile ni kostiki soda, ile ile ya watengeneza sabuni, na zile zinazouzwa kama dawa za upole zina kemikali nyingine kali ya jamii hiyo hiyo. Kwenye kipimo cha pH, kile cha asidi na alkali kinachoishia 14, hufika 12 mpaka 14, wakati ngozi ya kichwa iko kwenye 5 na kidogo. Inaingia ndani ya unywele na kukata vifungo vinavyoufanya ujikunje, na vikishakatwa havirudi. Ndiyo maana swali lako la upake nini zipone nalijibu kwa uchungu: hakuna. Unywele ukishatoka nje ya ngozi hauna uhai, haujitibu kama kidonda. Stimu, ule mvuke wa saluni, na vile vikopo vya bei mbaya vinalainisha kwa siku kadhaa, na kulainisha kuna faida yake, ila anayekuahidi kwamba zitapona anataka hela yako. Yai na parachichi kula, mwanangu. Protini ya yai ni kubwa mno kupenya ndani ya unywele.

Sasa shika unywele mmoja hapo kichwani, uupitishe polepole kati ya kidole gumba na cha shahada, kuanzia kwenye ngozi. Utausikia una mawimbi, umejaa, kisha ghafla unakuwa mwembamba na kuteleza. Hapo unywele mpya na wa dawa unapokutana ndipo penye udhaifu kuliko pote, na ndipo zako zinapokatikia. Kazi yako ya miezi hii ni kukilinda kiungo hicho.

Halafu tazama zinazobaki kwenye chanuo. Zikiwa vipande vifupi visivyo na kitu mwishoni, zimekatika, na hilo tunaliweza nyumbani. Zikiwa na kinundu cheupe kwenye ncha, zimenyonyoka na mzizi. Chache kila siku ni kawaida. Zikizidi, au ukiona sehemu ya utosi inang'aa na kuwasha, nenda kwa daktari wa ngozi akuchunguze, upime na damu pia. Hapo msusi hana msaada.

Nyingi unazipoteza siku ya kuosha, nina hakika, maana nakujua ulivyo na haraka. Usiku wa kabla yake paka mafuta ya nazi, hayo yanapenya kweli na kupunguza unywele kuliwa na maji na sabuni. Kukicha gawa kichwa mafungu manne, ubane matatu. Fungu moja lilowe chapachapa, utie kondishona mpaka vidole viteleze, na vidole ndivyo vitangulie kufungua mafundo. Kisha chanuo la meno mapana, ukianzia nchani, unapanda kidogo kidogo kuelekea kwenye ngozi. Chanuo likigoma kwenye kiungo, ongeza maji, usilivute. Zikiwa kavu usizichane kabisa. Kukausha, zikamue kwa fulana kuukuu, taulo linazikwaruza. Na kwa kuwa maji ya huko Dodoma yana chumvi, suuza ya mwisho iwe ya maji ya mvua ukibahatika kuyakinga. Ukilala, funga kitambaa cha satini.

Rasta ndefu nzito naziogopa kuliko pasi ya nywele. Zinaning'inia pale pale kwenye kiungo, na pembeni ya paji zinang'oa nywele ambazo baadaye huenda zisirudi tena. Ukiumia kwenye kiti mwambie msusi alegeze. Akikujibu kwamba yatapoa, nyanyuka uende zako. Nimeshika vichwa vya watu miaka mingi, na maumivu yale si ya lazima. Suka twende kilioni kwa nywele zako mwenyewe, au suka uzi. Uzi unazinyoosha bila moto, na kwa harusi ndiyo njia yako: usuke siku mbili kabla, ufumue asubuhi ile, uzibane nyuma, nami nitakutungia asumini.

Kuhusu kukata, unaweza kupunguza ncha kila baada ya wiki sita hivi mpaka za dawa ziishe zote. Ungenisikiliza mimi, harusi ikipita ungezikata zote kwa siku moja. Tangu darasa la kwanza mpaka kidato cha nne ulinyolewa kwa sheria ya shule, na ulipomaliza tu ukaweka dawa. Nywele zako zenyewe, zikiwa ndefu, hujawahi kuziona. Hata mimi sijaziona tangu ulipokuwa hujaanza shule, nikikusuka mabutu barazani. Kufika mabegani ni miaka miwili au mitatu, na zikilowa zitajikunja uone kama hazikui. Kioo kisikuvunje moyo, ukitaka kujua urefu vuta unywele mmoja.

Jambo jingine sikulisema kwenye simu. Mwaka 2022 watafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani, waliofuatilia wanawake 33,497, walieleza kwamba waliokuwa wakinyoosha nywele kwa kemikali zaidi ya mara 4 kwa mwaka walikadiriwa kupata saratani ya mji wa mimba kabla ya miaka 70 kwa asilimia 4.05, na wasiotumia kabisa asilimia 1.64. Utafiti ule hauthibitishi kwamba dawa ndiyo chanzo, na sikuandikii ili ulale na hofu. Lakini ni sehemu ya sababu ya mimi kukushikilia hivi.

Mafuta ya nazi nimeshayakamua. Ijumaa nayapakia kwenye basi pamoja na uzi na chanuo jipya, nitakupigia nikupe namba ya kondakta. Ukishaosha kwa namna hii nitumie picha ya mizizi, kwa karibu, mchana kwenye mwanga.

Mama yako,
Tanga