Kompyuta mpya, leseni ya zamani: maswali ya wasomaji

Swali: Laptopu yangu ya zamani inawaka ila skrini imekufa. Ina Windows 10 Pro na Office Home & Business 2021, vyote nilinunua mwenyewe. Nimepata mpya yenye Windows 11 Home. Fundi anasema aihamishie diski ya zamani, na leseni zote zitakuja nayo. Nikubali?
*Msomaji, Morogoro*

Jibu: Usikubali. Diski hubeba mafaili yako, lakini seva za Microsoft huitambua kompyuta kwa vifaa vyake, hasa mazabodi, ile bodi kuu ya ndani. Ukiiwasha diski hiyo kwenye mazabodi nyingine, Windows itagoma kuhakiki leseni kwa kosa 0xC004F211. Na ikiwa diski ilifungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda data, hutafika hata huko: utadaiwa tarakimu 48 za kuifungua.

Laptopu ya zamani ipe skrini kwanza. Chomeka runinga au monita kwa waya wa HDMI. Picha isipotokea, shikilia kitufe cha Windows ubonyeze P, kisha teremka kwa mshale ujaribu chaguo la pili, Duplicate. Ukishaona, andika cmd kwenye Start, bofya kulia uchague Run as administrator, kisha andika:

slmgr /dli

Baada ya sekunde chache kitatokea kidirisha. Soma mistari miwili, Description na Partial Product Key.

Description ikisema OEM_DM, Windows ilikuja na mashine kutoka kiwandani na ufunguo wake umehifadhiwa ndani ya mazabodi. Haihami, wala usimlipe mtu kuihamisha. Ikisema VOLUME, ni leseni ya kampuni au taasisi, jambo la kawaida kwa laptopu za mtumba zilizotoka maofisini. Hiyo nayo si yako kuihamisha.

Ikisema RETAIL inaweza kuhama, lakini hapa ndipo wengi wanapoteleza. Tazama Partial Product Key, yaani herufi tano za mwisho za ufunguo. Zikiwa 3V66T kwa Pro, au 8HVX7 kwa Home, huo ni ufunguo wa jumla ambao mamilioni ya kompyuta zinao, na leseni yako ni ya kidijitali, yaani imeandikwa kwenye seva za Microsoft na si kwenye ufunguo. Mashine iliyokuja na Windows 7 ya kiwandani ikapandishwa bure hadi 10 nayo huandika RETAIL, na leseni yake bado imefungwa kwenye mazabodi ileile. Zile programu za kusoma ufunguo uliojificha zitakupa ufunguo huo wa jumla, na hautakusaidia popote. Herufi zikiwa nyingine, zilinganishe na ufunguo wa herufi 25 ulio kwenye boksi au kwenye barua pepe ya malipo.

Zikilingana, usikimbilie kuufuta. Ingia Settings, fungua ukurasa wa Activation, uunganishe leseni na akaunti yako ya Microsoft. Kisha, kwenye dirisha lile la cmd:

slmgr /upk
slmgr /cpky

Amri ya kwanza huondoa ufunguo kwenye mashine, ya pili husafisha mabaki yake kwenye rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows. Hakuna kati ya hizo inayowapa Microsoft taarifa, kwa hiyo mashine mpya ikileta kosa 0xC004C008, seva bado zinauhesabu ufunguo kwenye ile ya zamani. Fungua Troubleshoot kwenye ukurasa uleule wa Activation, chagua maneno ya kwamba umebadilisha vifaa hivi karibuni, uingie kwa akaunti uliyoiunganisha. Ikishindikana, wasiliana na huduma kwa wateja ya Microsoft ukiwa na risiti.

Kwenye mashine mpya ufunguo unaingizwa kupitia Change product key, kwenye ukurasa wa Activation. Ufunguo wa Windows 10 Pro hukubalika kwenye 11 Pro, na Home itajigeuza kuwa Pro kisha kuwaka upya, basi hifadhi kazi zako kwanza. Lakini jiulize kama unaihitaji. Home uliyonayo ina leseni yake halali. Pro ina maana ikiwa unaunganisha kompyuta kwenye domeni ya ofisi (mtandao ambao ofisi husimamia kompyuta zake kwa pamoja), au unaiendesha ukiwa mbali kwa Remote Desktop.

Office 2021 ni rahisi zaidi, mradi iliwahi kusajiliwa kwenye akaunti yako na haikuja imefungwa na laptopu. Iondoe kwenye ya zamani, ingia account.microsoft.com ukitumia mashine mpya, nenda Services & subscriptions, uipakue upya. Masharti yanaruhusu kuihamisha mara moja kila siku 90, isipokuwa mashine imeharibika.

Swali: Duka letu linatumia TallyPrime Silver, programu ya uhasibu. Kompyuta imechoka, tunataka kuibadilisha. Tuanzie wapi?
*Msomaji, Mwanza*

Jibu: Kwenye kompyuta hiyo iliyochoka, leo, kabla haijazima kabisa. Bonyeza Alt+Y, chagua Backup, uihifadhi kwenye flashi na si kwenye diski ileile. Kisha hakikisha barua pepe mliyosajilia Tally.NET, akaunti ya mtandaoni ya Tally, bado inafunguka, kwa sababu ufunguo wa kuwezesha leseni hutumwa huko. Nyingi zilifunguliwa na mhasibu aliyekwisha kuondoka, na mwenye duka hujua hilo siku ya kuhama.

Mkiwa na intaneti, bonyezeni F1, ingieni Settings, kisha License, mchague Surrender, yaani kuisalimisha leseni. Tally itashuka hadi hali ya mafunzo, ambayo hupokea miamala ya tarehe chache tu za mwezi. Msishtuke. Sakinisheni toleo lilelile kwenye mashine mpya, mwende License tena, mchague Reactivate, mwingize kitambulisho cha Tally.NET na ufunguo uliotumwa. Backup irejesheni baada ya hapo.

Swali: Laptopu yenye Photoshop imeibwa kabla sijatoka kwenye akaunti. Nimepoteza leseni?
*Msomaji, Mombasa*

Jibu: Hapana. Adobe, watengenezaji wa Photoshop, hukuruhusu kuwezesha programu kwenye kompyuta mbili. Ingia kwenye mpya, na ukizidisha idadi utaulizwa ni kifaa kipi kitolewe. Itoe iliyoibwa. Lakini badilisha nywila ya Adobe na ya barua pepe kabla ya hapo.