Re: Miaka 46, niliachia chuo mwaka wa pili

Dada, umeuliza kama unaweza kumaliza shahada yako kwa mtandao ukiwa hapo Jinja, bila kuuza shamba. Unaweza. Ila usikubali kuanza upya kabla hujachukua transkripti, yaani karatasi ya matokeo yako yote, kwenye chuo chako cha zamani. Masomo uliyofaulu yakikubaliwa na chuo kipya unalipia yaliyobaki tu, na hapo ndipo pesa nyingi huokoka. Wakisema yamepitwa na wakati, kuna mlango wa watu wazima, miaka 25 kwenda juu, kwa mtihani wa kujiunga. Makerere wanao.

Kabla ya kulipa hata shilingi, hakikisha kozi yenyewe, si chuo tu, imeidhinishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Mimi nililipa muhula mzima mahali fulani, kumbe ithibati ilishaisha. Nililia, sikufichi.

Bando lisikutishe. Nilikuwa napakua masomo usiku wa manane watoto wakishalala, asubuhi nayasikiliza kwenye teksi. Kinachouma ni ada zisizo kwenye tangazo: usajili, mitihani, mahafali. Na uliza mitihani inafanyiwa wapi, maana nauli ya Kampala nayo ni ada.