Paka, uzi wa cherehani na pilau ya Idi

SWALI: Assalaam alaykum, daktari. Idi imekaribia, na hapa kwetu Tanga cherehani haizimwi mpaka usiku wa manane, tena wageni ni wengi. Paka wetu ana kilo 3 na nusu. Idi iliyopita alimeza uzi, tukauvuta ukatoka. Siku ya pili akawa na homa, shangazi wa watoto akataka kumpa nusu kidonge cha panadoli, mimi nikakataa. Safari hii nifiche nini? Na akila kitu kibaya, nimpe maziwa? – Mama wa watoto watatu

JIBU: Waalaykum salaam, mama. Nianze na uzi, maana hapo mlinusurika kwa bahati tu.

Ulimi wa paka una vimiba vigumu kama msasa, na vyote vimeelekea kooni. Uzi ukishanasa, hawezi kuutema. Kila akijaribu, anaumeza zaidi. Mara nyingi ncha moja hujizungusha chini ya ulimi au hukwama tumboni, na ncha ya pili huingia kwenye utumbo. Utumbo unasukuma, uzi hauendi. Basi utumbo wenyewe ndio unaojikunja juu ya uzi, kama marinda ya gauni unapovuta uzi wa kiunoni. Ukiuvuta wakati huo, uzi uliokaza unakata utumbo kama waya unavyokata sabuni, na uchafu unamwagika ndani ya tumbo. Kwa hiyo uzi ukining'inia mdomoni au nyuma, usivute. Mfunge paka kwenye kanga asiendelee kuutafuna, usimpe chakula, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Kama humwoni na uzi lakini anatapika, anakataa kula na amejikunyata, fungua mdomo wake na ubonyeze kwa kidole gumba kutoka chini ya kidevu, katikati ya mifupa miwili ya taya. Ulimi utainuka, nawe utazame shina lake. Usipouona uzi hapo, usitulie bado. Huenda umekwama tumboni.

Vipande vya uzi viingie kwenye kopo lenye kifuniko, si kwenye kapu la wazi, na sindano zihesabiwe kabla ya kulala. Utepe wa zawadi nao ni uzi. Ule uliofungia nyama ndio mbaya kuliko wote, kwa sababu una harufu ya mchuzi.

Panadoli ulikataa vyema. Kidonge cha kawaida kina miligramu 500, kwa hiyo nusu ingempa paka wako takriban miligramu 70 kwa kila kilo ya mwili. Kiasi hicho kinaweza kumuua. Ini la paka halina kimeng'enya cha kutosha cha kuivunja dawa hii, na sumu inayobaki huharibu damu isibebe hewa. Ndani ya saa chache fizi zinageuka rangi ya kahawia, uso na nyayo zinavimba, pumzi inapanda. Dawa ya kuizima ni asetilisisteini, na saa za mwanzo ndizo zenye faida. Piga simu kwanza kwa daktari wa mifugo uulize kama wanayo.

Kwenye pilau, hatari ni kitunguu. Gramu 5 kwa kila kilo ya paka zinatosha kuharibu chembe nyekundu za damu. Kwa wako ni kama gramu 17, haifiki vijiko viwili vya chakula vya kitunguu kibichi kilichokatwa. Kilichokaangwa kimekauka maji, kwa hiyo kijiko kilekile kinabeba kitunguu kingi zaidi. Kitunguu saumu ni kikali kuliko hicho. Tena si lazima ale kwa mkupuo: kila mgeni akimrushia tonge moja, kwa siku tatu madhara yanajumlishana. Dalili huchelewa, pengine mpaka siku ya nne: fizi nyeupe, mkojo mwekundu, unyonge. Mtengee nyama iliyochemshwa bila kitu, kabla hujaunga viungo, na mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, hupasuka vipande vyenye ncha.

Nguo za Idi zikitoka sandukuni, okoteni vidonge vya naftalini. Akiletewa mtu maua ya yungiyungi (lily za shada, si zile za majini), yasiingie ndani kabisa: hata chavua na maji ya chombo chake huua figo za paka. Chetezo kifukizwe chumba asichokuwamo.

Maziwa hayazimi sumu yoyote kati ya hizi. Mara nyingi humharisha tu. Usimpe chumvi atapike, na mkaa wa jikoni si ule wa hospitali unaofyonza sumu. Kama amelamba mafuta ya taa, kumtapisha ni kuyapeleka mapafuni. Yaliyo kwenye manyoya yaoshe kwa sabuni ya vyombo kabla hajajilamba.

Ukienda kwa daktari, chukua pakiti ya alichokula na umwambie saa alipokila. Njiani hesabu pumzi zake kwa nusu dakika, uzidishe kwa 2. Akiwa ametulia zikapita 40, waambie mapokezi hapohapo, usikae foleni.